Karafuu Haikanyagwi

Kama mguu wako una kidonda kisichotaka kufunga, na kila anayekuja kukutazama anakaa ukingoni mwa kitanda, anashusha pumzi, kisha anakwambia "subiri, ni kadari", basi njoo kwangu. Mie sitakwambia usubiri. Mie nilisubiri mpaka nikawachukia wanaosubirisha wenzao. Nitakueleza ilivyokuwa, na ukinikuta nina hasira nivumilie, maana hasira ndiyo iliyonitoa kitandani, wala sioni haya kusema hivyo.

Jina langu Faki. Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani, na duka langu lipo Tibirinzi, hapo Chake Chake. Kwetu hasa ni shamba, njia ya Wete, karibu na kona tunayoiita Kisimani. Mafundi wa nguo wa kisiwa kizima walinijua kwa sababu ya pikipiki, maana zilikuwa chache siku zile. Cherehani kikikwama Wete nakwenda, kikikwama Mkoani nakwenda. Hata Micheweni, ambako njia ni mawe matupu na meno yanagongana kinywani, nilikwenda, nikanywa chai yao, nikarudi.

Leseni niliipata kwa taabu. Koplo wa polisi aliyenitahini alipanga madebe uwanjani, akanizungusha humo kwenye jua mpaka shati likaganda mgongoni. Nikipinda vibaya kidogo tu, anapiga kelele: "Kushoto! Shika kushoto!" Mwisho akaniita kivulini, akanambia, "Sikiliza, bwana fundi. Barabara ina pande mbili, mmoja wako na mmoja wa mwenzio. Ukiingia upande wa mwenzio umeingia nyumba ya watu bila hodi. Usishangae ukipigwa." Nilicheka. Niliona mtu anapenda maneno.

Sasa sikiliza barabara inavyokuwa kwetu msimu wa karafuu. Wenye mashamba makubwa wana sakafu zao za kuanikia. Sie wengine tuna majamvi. Jamvi linataka jua, na hapana pahala penye jua kama kwenye lami: chini moto, juu moto, karafuu inakauka upesi na inatoka rangi nzuri. Basi watu hutandika majamvi barabarani, moja baada ya jengine, upande mzima wa njia. Na magari? Magari yanahama. Dereva akiona majamvi kushoto anakwenda kulia. Baiskeli inahama, gari la ng'ombe linahama. Sheria hiyo hapana aliyeiandika, lakini ole wake atakayeivunja. Karafuu ikikanyagwa kichwa kinatoka, na karafuu isiyo kichwa haina heshima.

Nilipokuwa mdogo nilipita mbio juu ya jamvi la mama, nafukuza kuku. Mama alinizaba kofi moja, nikaona nyota mchana. "Karafuu haikanyagwi!" Kofi lile bado liko shavuni. Sikutanii. Mie naamini kofi lile ndilo lililonivunja mguu.

Ilikuwa vuli, mchana, natoka Wete kutengeneza cherehani cha mshona kanzu. Majamvi yalianza mbali kabla ya kona ya Kisimani. Nikahama kulia kama wanavyohama wote, nikapiga honi, nikaingia kona. Mbele yangu likatokea lori la Sleyum, limejaa wachumaji wanaimba. Sleyum alikuwa upande wake. Hilo nalisema mbele ya Mungu, maana wapo waliomtukana yule bwana bure. Alikuwa upande wake na mwendo wake wa kawaida. Mie ndiye niliyekuwa nyumba ya watu bila hodi.

Na nafasi ya kujiokoa ilikuwapo! Kushoto kwangu hapakuwa na ukuta wala shimo, palikuwa na majamvi tu. Ningepanda juu ya karafuu ningepona, na leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mkono ulikataa. Wallahi nauona mpaka leo, umeshika usukani, nauambia nenda kushoto, hauendi. Nikajaribu kujipenyeza baina ya lori na jamvi, mwanya wa kupita mbuzi. Madigadi ya lori ikanichukua mguu wa kulia, chini ya goti, nikarushwa juu. Na niliangukia wapi? Juu ya karafuu! Nilizikwepa kwa magurudumu, nikaziangukia kwa mgongo.

Mfupa ulikuwa nje. Aliyewahi kuuona mfupa wake mwenyewe anajua, na ambaye hajauona Mungu amuepushe.

Hapo yakaanza manyunyu. Nikawaona watu wanatoka majumbani mbio, wanawake kwa wanaume, nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimefikiwa. "Mvua! Mvua! Anueni!" Wakanipita. Huku wanakunja majamvi, kule wanakunja majamvi, mtu ananiruka kama anavyoruka gogo. Mwisho akanisimamia Mzee Shaame, jirani yetu, mwenye jamvi nililoliangukia. Ni mtu mzima, mcha Mungu, msikitini humkosi safu ya mbele. Akaniinamia kwa upole kabisa.

"Pole, mwanangu, pole sana. Sogea kidogo, jamvi linalowa."

Nikasogea. Ndiyo, nikasogea! Si nimefunzwa adabu? Nikajiburura kwa viwiko mpaka kwenye lami tupu, Mzee Shaame akavuta jamvi lake, akenda zake. Walioninyanyua ni wale wachumaji wa lorini, watu wa dago, waliopiga kambi msimu wa kuchuma tu, wageni wasionijua kwa jina. Waliniweka juu ya magunia, mmoja akanivulia shuka yake akanifunika, na Sleyum akaendesha mpaka mjini huku analia.

Hospitali walinipokea vizuri. Waliuosha mguu, wakaunyoosha, wakautia plasta kutoka pajani mpaka vidoleni, na sindano za penisilini asubuhi na jioni mpaka sikujua nilalie upande gani. Kwetu mgonjwa hakosi watu. Wakaja wa shamba, wakaja wa mjini, wakaja hata mafundi wa nguo wanaotaka kujua vyerehani vyao nani atavitengeneza sasa. Siku zile watu walikuwa wamegawanyika kwa siasa, wengine hawasalimiani njiani, lakini kitandani kwangu walikubaliana wote jambo moja. Wote walikuja kunisifu.

"Faki mstaarabu. Kaumia, lakini karafuu za watu hakuzigusa."

"Angekuwa mwengine angezipasua katikati."

Mzee Shaame alikuja Ijumaa na mkate wa kumimina ndani ya bakuli. Akasimama katikati ya wodi, akawatangazia wagonjwa: "Mnamwona huyu? Kijana wa watu wema. Kakubali kuumia yeye."

Kukubali! Nani alikubali? Nikamwambia, "Mzee Shaame, heshima yako ni kubwa kwangu, lakini siku ile mlianua karafuu mbele, mie nyuma."

Akatabasamu. "Lakini weye, mwanangu, ukilowa huharibiki."

Wodi nzima ikacheka. Na mie nikacheka, mjinga mie, kisha nikageukia ukutani. Mmoja tu hakucheka. Kitanda cha pili alikuwapo mzee wa Kisiwa Panza, kachomwa na mwiba wa samaki taa kwenye unyayo, mguu umevimba kama papai. Mzee yule hakuwa na maneno mengi, alikuwa na kipepeo cha ukili, na alikuwa akinipepea vidole vyangu pamoja na vyake bila ya kuombwa. Wageni walipoondoka alinambia, "Kijana, itazame plasta yako hapo chini. Inatoa maji. Karafuu hazikuharibika, lakini weye umeharibika."

Alisema kweli. Walipokata dirisha kwenye plasta, usaha ulitoka mpaka sista aliyeshika beseni akageuza uso.

Tangu siku hiyo mambo yangu yakawa hayo: kufungwa kidonda, kufunguliwa kidonda, kufungwa tena. Kaskazi ilinikuta kwenye benchi la chumba cha vidonda, na jua linaingia mlangoni mpaka magotini. Nikikwambia benchi lile nalijua, nalijua. Upande mmoja ubao umelegea, ukikaa unakubana nyama. Wazoefu tulijua, tukauacha upande ule kwa wageni, na tukiwasikia wanaguna tunatazamana. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu.

Paja likanywea. Nilikuwa nalishika kwa mkono mmoja vidole vikakutana. Ngozi ikawa inatoka magamba, kucha za mguu ule zikaacha kukua, na nilinuka. Usione haya kama unanuka. Mke wangu, Riziki, alikuja na chetezo akafukiza udi chini ya kitanda. Alifanya kwa mapenzi, lakini usaha na udi vikichanganyika vinatoa harufu ya tatu ambayo sitaki kuisikia tena. Mpaka leo nikialikwa harusini nakaa nje.

Aliyenifunga kidonda ni dresa mmoja jina lake Khamis, kijana mwenye maneno ya haraka na mikono ya taratibu. Alikuwa akinizungumzisha mambo ya pikipiki ili nisitazame anachofanya. Gia ya kwanza unaiingiza vipi? Kwenye mchanga unafanyaje? Pikipiki yangu ilikuwa nyumbani shamba, usukani umepinda, kuku wanalala juu yake.

Siku moja nikamwambia kwa uchungu, "Khamis, mguu huu ukipona, pikipiki yako. Mie siitaki tena kuiona."

"Usiseme ukajuta, Bwana Faki."

"Nimesema!"

Masika ikaja na kidonda bado ki wazi. Daktari akakaa kitandani kwangu, na daktari akikaa ujue hakuleta habari njema. Akasema mfupa unaoza ndani. Atangoja mvua ziishe. Zikiisha na hali iwe hii hii, ataukata chini ya goti.

Fikiri na weye. Cherehani cha miguu kinajaribiwa kwa nini? Kwa mguu. Unakaa, unakanyaga pedali, unasikiliza. Fundi asiye mguu atasikiliza nini? Nilimsikia daktari, nikamwitikia vizuri, na alipoondoka nikalichukua lile bakuli la Mzee Shaame lililokuwa bado chini ya kitanda nikalirusha ukutani. Mzee wa Kisiwa Panza akaendelea kupepea tu. "Lilikuwa bakuli baya," akasema.

Nyumbani nako kukawaka moto. Mama yangu, Bi Time, alitaka nitolewe hospitali nipelekwe kwa fundi wa viungo, niungwe kwa banzi na nisomewe. Riziki alisema sitoki. Walikuwa wakikaa benchi moja, mmoja huku na mmoja kule, na katikati vikapu vyao.

"Mfupa haukatwi," mama anasema. "Mfupa unaungwa. Babu yake Faki alianguka mkarafuuni, kaungwa, kapanda tena."

"Mama, huu hautaki kuungwa, huu una usaha," Riziki anajibu na macho chini.

"Weye umeolewa juzi. Mie nimemzaa."

"Umemzaa, lakini anayefua bandeji ni mie."

Basi! Wakanuniana. Kila mmoja akaleta chakula chake, na mie nikala chungu cha mama mbele ya mama na chungu cha Riziki mbele ya Riziki, tumbo linataka kupasuka na mguu unaoza. Ninyi wenye kuuguza, nakuombeni, gombaneni nje. Mgonjwa hana pa kukimbilia. Na mama, nimseme hapahapa, zile siku za mwanzo nilizokuwa nalia kwa maumivu alikuwa akija jioni, mikono inanuka karafuu. "Nimechelewa, mwanangu, nilikuwa nageuza." Alikuwa anageuza karafuu! Nilinyamaza kwa sababu ni mama. Lakini moyoni sikunyamaza.

Mvua zikapungua. Kipupwe kikaanza, asubuhi blanketi haitoshi. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba wiki ile au inayofuata daktari atakuja na jawabu. Khamis akaniweka kwenye kitanda cha chumba cha vidonda, akaingiza koleo, akaanza habari zake za gia. Mara akanyamaza. Khamis hanyamazi, nikajua kuna jambo.

"Bwana Faki, shika ukingo wa kitanda. Shika kweli."

Akavuta. Nilipiga ukelele ambao mzee wa Kisiwa Panza alinambia baadaye kausikia wodini. Kikatoka kipande cha mfupa, kikavu, cheupe, chembamba, kama mwiba mkubwa wa samaki. Na nyuma yake, kwenye usaha, kikatoka kitu kingine kidogo cheusi. Khamis akakiweka kwenye pamba, akakipangusa, akakisogeza puani.

"Subhanallah," akasema. "Karafuu."

Karafuu! Moja, nyeusi, na kichwa chake kizima. Ilikaa ndani ya mguu wangu vuli, kaskazi na masika, tumeipa damu na usaha, na haikukanyagwa! Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka wakanishika mabega, na machozi yakanitoka, sikujua nalia au nacheka. Daktari alipoitwa alitazama kidonda, hakuijali karafuu. Alisema kile kipande cha mfupa ndicho kilichokuwa kinazuia kufunga, na tungoje tuone. Safari hii kungoja kulikuwa na maana. Kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu kutoka chini, kila siku kidogo, mpaka kikabaki kama kitovu, kisha kikafunga. Mguu ulibaki. Mfupi kuliko mwenzake, goti halikunjiki sawasawa, lakini ni wangu na una vidole vyake.

Nilirudi shamba kwa magongo. Riziki akaniwekea kigoda mlangoni ili nione watu. Pikipiki nikampa Khamis kama nilivyosema. Alikuja kuichukua na fundi, wakaunyoosha usukani, nikamfundisha kukaa juu yake, nikamwambia maneno ya yule koplo neno kwa neno. Nikamwambia na langu pia: upande wako ukizibwa, simama. Usihame. Simama, piga honi, ngoja, hata kama watu watakuona mjinga. Weye pia unayesoma, kama unapanda pikipiki, lichukue hili bure, mie nimelilipia kwa mguu.

Msimu ukafika, na majamvi yakatoka. Kutoka pale mlangoni niliyaona yanapita kwa vichwa vya watu kwenda barabarani, na damu ikanipanda. Baada ya sala ya alasiri nikaenda barazani, gongo kwa gongo. Sheha alikuwapo, Mzee Shaame alikuwapo, na wengine wa mji. Wakanipisha nikakaa.

"Siombi makubwa," nikasema. "Anikeni mnapotaka. Pale konani tu, msianike. Mtu akihama pale haoni anayekuja."

Sheha akakuna ndevu. "Faki, pale konani ndipo penye jua zaidi. Miti yake imekatwa."

"Tena na pikipiki yako ilikuwa mbio," mwengine akasema.

"Ni kadari, Faki," akasema Mzee Shaame. "Ajali haina kinga."

"Kadari haitandiki majamvi!" nikasema. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa ile karafuu, nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa. "Mzee Shaame, hii yako. Siku ile ulisahau moja kuianua. Imetolewa ndani ya mguu wangu."

Mzee Shaame akaipokea, akaitia kiganjani, akaigeuza, akainusa.

"Hii," akasema, "haikukauka vizuri."

Wakacheka. Wallahi walicheka, na wengine wakaegemeana. Hawakuwa watu wabaya, hao ndio waliokuwa wakiniletea mihogo na samaki miezi yote. Lakini nikaona hapana neno litakalowaingia, nikachukua magongo yangu nikarudi nyumbani. Riziki aliniona uso tu, akanisogezea kigoda.

Siku zile Khamis alikuwa anakuja mara kwa mara kuutazama mguu. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mlangoni, nikaisikia pikipiki yangu kutoka mbali, upande wa Wete, alikokuwa amelala kwao. Mlio wake naujua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nikaisikia inaingia konani. Kisha nikasikia honi ya lori, ndefu, na breki, na kishindo.

Sijui nilifikaje barabarani. Lori la Sleyum limesimama mshazari, na Sleyum kalaza kichwa kwenye usukani. Pikipiki iko mtaroni upande wa pili, gurudumu linazunguka. Na Khamis anatoka mtaroni, suruali imechanika, goti linachuruzika damu, mweupe midomo. Yu hai. Akaniona, akanyoosha mkono kunionyesha barabara, na akacheka.

"Nimezikwepa, Bwana Faki! Hata moja sikuigusa!"

Majamvi yalikuwa yamelala pale kushoto, mstari mzima, safi, hapana karafuu iliyotikisika. Watu wakaanza kufika. Na wa mbele nani? Mzee Shaame. Akampangusa Khamis vumbi begani kwa upole wake uleule.

"Mstaarabu," akasema. "Huyu ni kijana wa watu wema."

Hapo nikayatupa magongo.

Daktari alikuwa amenambia nisiuwekee uzito mguu ule kabla hajaniona tena. Niliuweka. Niliuweka juu ya jamvi la kwanza, unyayo mtupu, nikausikia mfupa unanipigia kelele mpaka kiunoni, nikauweka tena. Karafuu zikavunjika chini yangu. Mguu mzima hatua moja, mguu mbovu hatua moja, nikienda naburura, na pale ninapoburura nazimwaga njiani.

"Karafuu! Karafuu!" Mzee Shaame akapiga kelele. "Mshikeni, kapandwa na shetani!"

"Huku ni kushoto!" nikawaambia. "Mnasikia? Huku ni kushoto! Hapa ndipo pa Khamis kupita! Hapa ndipo nilipokuwa nipite mie! Kushoto kwa mtu ni roho yake!"

Hapana aliyenishika. Nani atamshika mgonjwa? Walisimama ukingoni, mikono kichwani, na mie nikalimaliza jamvi la Mzee Shaame nikaingia la jirani yake, nikalimaliza, nikaingia jengine. Jasho linaniingia machoni. Harufu ilipanda, ileile ya mikono ya mama kitandani kwangu. Sikuwa nimewahi kutembea hata hatua moja bila ya magongo tangu ile vuli, na sasa nilikuwa nimeipita nusu ya kona.

Jamvi la mwisho, lile la kwenye mpindo wenyewe, lina ukingo mwekundu. Nalijua. Nimelisaidia kulisuka nikiwa mtoto, nikipasua ukindu. Mama alikuwa amesimama mbele yake, kanga kajifunga kiunoni, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Faki!" akasema. Kisha akashusha macho. Akautazama mguu wangu, unatetemeka, umegandwa na vichwa vya karafuu mpaka kwenye kovu. "Faki, unatembea."

"Natembea, mama."

"Karafuu zangu, mwanangu."

Nyuma yangu nilimsikia Khamis anainua pikipiki. Sikumjibu mama kwa ukali, maana sikuwa nao tena wa kumpa yeye. Nilimwambia kwa upole kabisa:

"Sogea kidogo, mama."

Akanitazama. Shavu lile alilolipiga, alilitazama. Kisha akasogea, akainama, akashika ncha ya jamvi. Hapakuwa na hata wingu moja juu, na mama akaanza kuanua.